Njia Inayopishana na Maji

Ukitaka kujua kama njia ya baiskeli msituni imejengwa na mtu anayeijua kazi, usiijaribu siku ya jua. Nenda siku ya pili baada ya mvua kubwa, nenda kwa miguu, na utazame chini. Tazama majani makavu yamelala wapi. Ukiyakuta yamesombwa na kurundikana kwenye kona, maji yalishuka na njia hiyo kutoka juu mpaka chini, na udongo yakaenda nao. Ukiyakuta yamelala pale pale yalipodondokea, na upande wa bondeni kuna alama ndogo ndogo za mchanga uliooshwa, basi maji yaliivuka njia kwa upana wake yakaendelea na safari yao kati ya miti. Njia ya kwanza haina miaka mingi ya kuishi. Ya pili inaweza kuwapitisha wajukuu.

Kutazama hivyo nimejifunza katika msitu wa Ngare Ndare, chini ya Mlima Kenya upande wa kaskazini, na sasa siwezi kuingia msitu wowote bila kuinamisha macho. Ngare Ndare una hekta zipatazo 5,500. Umekaa kati ya mashamba ya ngano ya Timau na nyika inayoteremka kuelekea Isiolo na Samburu. Wageni wengi huenda kwa ajili ya daraja la kuning'inia lililopitishwa kati ya matawi, urefu wake mita 450 hivi, au kwa ajili ya maporomoko yenye vidimbwi vya samawati ambayo mtu haamini rangi yake mpaka asimame ukingoni. Waendesha baiskeli huenda kwa ajili ya njia zinazopita chini ya mitarakwa na mizeituni mwitu, miti mizee ambayo mingine imeishi zaidi ya miaka mia mbili. Huo ndio msitu ulio akilini mwangu ninapoandika haya, ingawa nitatoka humo mara kwa mara.

Upande huu wa mlima ni upande mkavu. Mawingu yatokayo Bahari ya Hindi hutua mzigo wao kusini na mashariki, huko Embu na Chuka. Yakifika kaskazini yamebaki na kidogo. Ndiyo maana ukipanda kwa lango la Sirimon hukuti ule ukanda mnene wa mianzi unaowachosha wapandao kutoka pande nyingine. Na kwa kuwa mvua ni haba, kila tone lina watu wanaolingojea. Mto Ngare Ndare hushuka ukajiunga na Ewaso Ng'iro, na Ewaso Ng'iro hupita Samburu na kuendelea mpaka kinamasi cha Lorian, mwaka ambao maji yanatosha kufika. Mfugaji aliyeko kule chini hajawahi kuiona baiskeli yangu wala hana haja nayo. Lakini namna njia ninayopita inavyoyapokea maji ya mlima ni jambo lake kuliko lilivyo langu.

Mtu mwenye haraka, ng'ombe mwenye kiu, gogo linaloburutwa na trekta: wote hawa wakiwa mlimani huchagua mstari mmoja, ule wa kushuka moja kwa moja, na maji nayo huuchagua huohuo. Njia nyingi za zamani za misitu yetu, zile zilizofunguliwa na wakata mbao na wenye mifugo, leo ni makorongo kwa sababu hiyo. Mwanzoni palikuwa na mkwaruzo wa kwato tu. Masika yakaingia humo, yakachukua udongo laini wa juu, mizizi ikabaki inaning'inia. Watu wakasogea hatua mbili kando ili wakwepe tope, wakafungua mkwaruzo wa pili, na msimu uliofuata wa tatu. Iko miteremko ambapo njia moja imezaa njia nyingi sambamba, zote zimekufa, na nyasi hazijarudi.

Fundi wa njia hufanya kinyume. Huupita mlima ubavuni. Kanuni yake ya kwanza ni kwamba mwinamo wa njia usizidi nusu ya mwinamo wa mlima pale inapopita. Ukizidi, maji yataiona njia ni mkato na kuifuata. Ya pili ni kwamba kwa wastani njia isipande wala kushuka zaidi ya asilimia 10, yaani mita moja kwa kila mita kumi za mwendo. Uso wa njia nao hauachwi sawa kabisa. Huinamishwa kuelekea bondeni, asilimia 5 hivi, kiasi ambacho jicho halikioni lakini maji yanakijua. Na kila baada ya mwendo mfupi, njia inayoshuka hupandishwa kidogo, mita mbili tatu, kisha ikaendelea kushuka. Hapo maji yaliyoanza kuifuata njia hukwama, hugeuka, hutoka.

Anayeteremka kwa baiskeli hukihisi kile kipandio tumboni. Tairi la mbele linainuka, mwili unakuwa mwepesi, mikono inalegea kwenye usukani, kisha ardhi inapotea kidogo chini yako na mteremko unakuchukua tena. Ni moja ya raha kubwa nilizozipata duniani, na nilipoambiwa kwamba imewekwa pale kwa ajili ya mvua nilisimama nikashuka kwenye baiskeli ili nitazame vizuri. Kona zile zinazonifanya nitabasamu peke yangu msituni, mizunguko ile inayoizuia njia isikimbilie bondeni, mawimbi yale ya kupanda na kushuka: hakuna hata kimoja kilichowekwa kwa ajili ya mchezo pekee. Mstari unaouhifadhi udongo ndio uleule unaoufurahisha mwili. Sijui shughuli nyingine nyingi za binadamu mlimani zilizopewa bahati hiyo. Mkata mbao hupata faida zaidi kadiri anavyouharakisha mlima. Mwendesha baiskeli hupata zaidi kadiri njia inavyomchelewesha kufika chini.

Mchezo wenyewe haukuzaliwa na hekima hii. Mwaka 1976, katika vilima vya Marin kaskazini ya San Francisco, kikundi cha vijana kilianza kushindana kuteremka barabara ya zimamoto kwa baiskeli kuukuu za chuma zilizotengenezwa miaka ya 1930 na 1940. Barabara ilikuwa kali hata grisi ya breki ya nyuma ikawa inaungua na kutoa moshi. Baada ya kushuka ilibidi kitovu cha gurudumu kifunguliwe kijazwe grisi upya, na mbio zenyewe zikapewa jina kwa sababu hiyo, Repack, yaani kujaza upya. Mwaka uliofuata Joe Breeze akaunda fremu mpya kwa kazi hiyo. Gary Fisher, Charlie Kelly na Tom Ritchey wakaigeuza shauku kuwa biashara, na kufikia 1996 baiskeli za milimani zilikuwa kwenye Olimpiki ya Atlanta. Lakini huko huko Marin, katika miaka ya 1980, njia nyingi nyembamba zilikuwa zimefungwa kwa baiskeli, kwani watembeao kwa miguu na wapandao farasi hawakutaka kukutana na mtu anayekuja kwa kasi kwenye kona. Mwaka 1988 wenye baiskeli wa California waliunda chama, IMBA, ambacho baadaye kilienea nchi nyingi, na kanuni nilizozitaja hapo juu zimesambazwa sana na watu wake. Walipofungiwa lango ndipo waliposhika jembe na sururu.

Kuna tuhuma moja waliyopambana nayo ambayo bado husikika hata kwetu, kwamba tairi linaumiza udongo kuliko mguu. Utafiti uliofanywa kwenye njia za milimani huko Montana na kuchapishwa mwaka 1994 ulikuta kwamba kwato za farasi na miguu ya watu ndizo zilizolegeza udongo zaidi ya magurudumu, hasa njia ikiwa na unyevu. Hilo halimpi mtu wa baiskeli ruhusa ya kupita popote. Tairi lina dhambi yake: huacha mfereji mwembamba usiokatika, na mfereji huo ukielekea chini, maji yanaushukuru. Anayebana breki ya nyuma mpaka gurudumu likaburuta hulima ardhi. Akipita siku ya matope makubwa, kazi ya wiki nzima ya watu wenye majembe anaiharibu kwa asubuhi moja. Ningependa iwe aibu, miongoni mwa waendesha baiskeli wa Nanyuki na Nairobi na Moshi, kurudi nyumbani na matope mpaka kwenye kofia. Sasa hivi watu hupiga picha za matope hayo wakajisifu.

Wengine wametangulia kuonyesha njia hizi zinavyoweza kuubadilisha msitu. Kule Wales, katika milima ya Eryri, msitu wa Coed y Brenin uliokuwa shamba la miti ya mbao ndio wa kwanza Uingereza kujengewa njia mahsusi za baiskeli, katika miaka ya 1990, kazi ikiongozwa na askari wa msitu Dafydd Davis. Mvua ya huko haina msimu. Basi walitandika mawe, bamba kwa bamba, ili njia ivumilie. Na watu wakaja kutoka mbali kwa ajili ya mawe hayo.

Lakini elimu ya kuupita mlima ubavuni haikuhitaji kuvuka bahari ndipo itufikie. Mkulima wa Machakos aliyechimba matuta ya fanya juu anaijua. Huupima mstari wa kontua kwa kamba na pimamaji, huchimba mtaro, huutupa udongo upande wa juu, hupanda nyasi kwenye ukingo, na baada ya misimu kadhaa shamba lililokuwa mteremko limekuwa ngazi. Nilimwona mzee mmoja wa Ukambani akitazama mchoro wa njia ya baiskeli ambao kijana wa mjini alikuwa ameuchora kwa uangalifu mkubwa. Aliigeuza karatasi, akaweka kidole mahali ambapo njia ilivuka kijito, akauliza maji ya Novemba yatapita wapi. Kijana hakuwa na jibu, na mzee hakulisubiri, kwa sababu alikuwa amekwisha kuliona.

Wachaga nao walikwenda mbali zaidi. Mifongo ya Kilimanjaro huyachukua maji kwenye mito iliyo ndani ya msitu na kuyatembeza ubavuni mwa mlima, ikizunguka vilima na kuvuka makorongo, mpaka kwenye vihamba vya migomba na kahawa. Mwinamo ukizidi, maji hukimbia na kula kingo. Ukipungua, hutuama na kujaza matope. Katikati ya makosa hayo mawili kuna mstari mmoja mwembamba, na watu wa Kilimanjaro waliupata bila darubini ya mpima ardhi. Wageni wa karne ya 19 waliofika Uchagani waliandika juu ya mifereji hiyo kwa mshangao. Kila mfongo ulikuwa na watu wake na mzee wake, na siku za kuusafisha zilijulikana. Asiyefika kazini alitozwa. Mfongo hubaki na maji na njia ya baiskeli huyatoa, lakini jicho linalohitajika ni moja. Anayeweza kuyashawishi maji yatembee polepole ubavuni mwa mlima kilomita baada ya kilomita ndiye anayeweza pia kumpitisha mtu hapo kwa magurudumu bila kuukata mlima.

Yupo fundi mwingine wa njia, mkongwe kuliko hawa wote, naye ni ndovu. Ngare Ndare huingii na baiskeli peke yako. Askari wa msitu hukutangulia au hukufuata. Niliyekuwa naye siku moja alikuwa kijana wa Kimeru mwenye maneno machache, na tulipokaribia mteremko wa kuelekea mtoni alisimama akanisubiri.

“Mzee, pale kwa kona usiachilie,” aliniambia. “Shika breki mapema. Kule chini kuna maji, na penye maji hao wenyewe wako.”

“Ndovu?”

“Ndovu ni afadhali, huyo unamsikia akivunja matawi. Mimi naogopa nyati. Nyati anakungoja akiwa amenyamaza.”

Tulishuka polepole. Ubavuni juu yetu kulikuwa na njia ya ndovu, pana, iliyokanyagwa ikawa ngumu, ikizunguka kilima kwa mwinamo ambao ningeweza kuupanda nikiwa nimekaa kitini. Mnyama mwenye uzito wa tani kadhaa hana sababu ya kupanda ukuta ikiwa kuna njia ya kuuzunguka. Nilimuuliza yule kijana kama njia yetu ya baiskeli iliwahi kufuata ya ndovu. Akasema mahali pengi ni hiyo hiyo, ila sisi tumeisafisha miiba.

Ndovu hawa ni wasafiri. Kwa miaka mingi waliokuwa juu mlimani walitenganishwa na walioko hifadhi ya Lewa na Samburu kwa mashamba, nyua na barabara kuu ya Nanyuki kwenda Meru. Ukafunguliwa ushoroba wa kilomita 14 hivi, na chini ya barabara ukajengwa upenyo wa kuwapitisha. Mwanzoni mwa 2011 ndovu dume wa kwanza akapita chini ya malori. Mwaka 2013 UNESCO ikapanua eneo la urithi wa dunia la Mlima Kenya, lililotambuliwa tangu 1997, ili lichukue Lewa na Ngare Ndare. Kila anayeendesha baiskeli hapa yumo ndani ya safari ya mwingine. Na tatizo la baiskeli ni kwamba haina kelele. Mtembea kwa miguu husikika akija, gari husikika mapema zaidi. Baiskeli inayoteremka vizuri hufika kabla ya sauti yake. Kwa hiyo njia ya msitu wenye wanyama wakubwa inataka kona zilizofunguliwa macho, vichaka vilivyorudishwa nyuma, na kipandio kabla ya kila mahali pa maji ili kasi iishe yenyewe. Inataka pia ifungwe jua likikaribia kuzama, bila mjadala, hata kama aliyelipa ametoka mbali. Hapo sioni nafasi ya huruma kwa mgeni. Jioni ni ya wenyewe.

Kuna jambo jingine juu ya misitu ya mlima huu ambalo haliko kwenye vipeperushi. Katika miaka ya 1950 watu wa vijiji vilivyopakana na msitu walilazimishwa kuchimba handaki refu kati ya mashamba yao na miti, lenye vijiti vilivyochongwa ncha, ili wapiganaji wa Mau Mau walioko ndani wasipate chakula na walioko nje wasiwafikie. Ndege zikaurushia msitu mabomu. Watu waliokuwa wakiujua msitu kwa majina ya miti na ya vijito walifundishwa kwa jembe la kulazimishwa kwamba ule ni upande wa pili. Sehemu za handaki hilo bado zinaonekana. Baada ya uhuru likaja jambo la aina nyingine: msitu usiopitwa na mtu mwema ukawa wa mwenye msumeno. Mwaka 1999 Shirika la Wanyamapori la Kenya liliuzunguka mlima kwa ndege na kuhesabu uharibifu, miti ya thamani iliyoangushwa, tanuri za makaa, mashamba ya bangi katikati ya miti. Kutoka barabarani msitu ulionekana mzima. Uozo ulikuwa ndani, mahali ambapo hapakuwa na mtu wa kutazama.

Mwaka huohuo, mwezi Januari, Wangari Maathai alipigwa hadi akatoka damu kichwani kwenye lango la msitu wa Karura, Nairobi, alipokwenda kupanda miti katika ardhi iliyokuwa imegawanywa kwa wajenzi. Karura hauko karibu na mlima, lakini ndiyo shule yetu ya jambo hili. Msitu ule uliokolewa na waliosimama langoni, kisha ukaokolewa mara ya pili na waliopita ndani. Zamani wakazi wa Nairobi waliutaja kwa hofu, maiti zilikuwa zikitupwa humo. Leo, baada ya ua na njia kutengenezwa, wanawake hukimbia humo peke yao asubuhi, watoto huendesha baiskeli, na panapoanza kusikika fununu ya kipande kukatwa, maelfu ya watu wanajua kipande hicho kiko wapi kwa sababu walipita hapo Jumamosi. Hilo ndilo ninaloliamini kuhusu njia. Ua huuzuia mkono, nao ni wa lazima. Lakini anayeujua msitu kona kwa kona huona gogo lililokosekana.

Kaskazini ya Mlima Kenya yapo mashindano ya baiskeli yanayoanzia juu mlimani, kwenye kimo cha kilomita tatu hivi, na kuteremka mpaka nyanda kavu, na mapato yake husaidia kazi ya Mount Kenya Trust ya kulinda msitu. Nayapenda. Ila sitaki tudhani kwamba siku moja ya shangwe, na magari mengi kutoka Nairobi, ndiyo njia yenyewe. Njia ni ya Jumanne pia, na Jumanne inapitwa na mwanamke wa Ngare Ndare aliyebeba kuni mgongoni kwa kamba iliyopita kwenye paji la uso. Uso wake unatazama chini. Mzigo umepanuka kuliko mabega yake. Hawezi kuruka kando kumpisha mtu wa baiskeli, wala hapaswi. Sheria ya misitu ya Kenya ya mwaka 2005, na ile ya 2016 iliyoifuata, zinawapa majirani wa msitu nafasi ya kujiunga katika vyama na kushiriki kuutunza na kuutumia. Katika ramani ya njia haki hiyo inapaswa kuonekana: mahali pa kupishana penye upana wa mzigo wa kuni, kila baada ya mwendo mfupi, upande wa mlimani ambako mama anaweza kuegemea na kupumua. Mwenye baiskeli ndiye asimame. Ndiye ashuke, aweke mguu chini, asalimie.

Kilimanjaro wanaujua upande mchungu wa jambo hili. Tangu 1941 ulikuwepo ukanda wa nusu maili kwenye ukingo wa msitu, uliotengwa kwa mahitaji ya wanavijiji, kuni na majani ya mifugo. Mwaka 2005 msitu uliingizwa ndani ya hifadhi ya taifa, na waliokuwa wakiingia kwa desturi wakawa wahalifu. Wakati huohuo mlima una njia ambayo baiskeli huruhusiwa, njia ya Kilema upande wa kusini mashariki, na wageni hupanda kwayo mpaka Horombo, mita 3,720. Tangu Richard na Nicholas Crane walipozifikisha baiskeli zao kileleni mwishoni mwa 1984 wakichangisha fedha, dunia imejua kwamba hilo linawezekana. Mimi siwaonei wivu wageni hao. Lakini ni vigumu kwangu kufurahia njia ambayo gurudumu linapita na mwenye mundu anarudishwa. Hata ikijengwa vizuri namna gani, hata maji yakiivuka kwa adabu, aliyerudishwa langoni hatakuwa na sababu ya kupiga simu atakapousikia msumeno usiku.

Zipo sehemu nyingi ambapo kazi hii ingeweza kuanza mwaka huu: kingo za msitu juu ya Timau, Kereita kwenye ukingo wa Aberdare, Magamba juu ya Lushoto, vijiji vya Kilema vyenyewe. Vifaa vyake ni jembe, sururu, reki, kamba na pimamaji, na uvumilivu wa kungoja mvua ya kwanza ili irekebishe mchoro. Vijana wa kuendesha wapo. Kule Mai-a-Ihii, Kikuyu, David Kinjah amewafundisha watoto wa kijiji kuendesha na kutengeneza baiskeli kwa miaka mingi, na mmoja wa waliopita mikononi mwake, Chris Froome, akaja kushinda Tour de France mara nne. Mafundi wa pancha na cheni wako kila kituo. Anayekosekana kwenye mikutano ya mipango ni mtu anayejua maji, na huyo naye yupo, ameketi kihambani au kwenye shamba la matuta, hajaitwa. Aitwe kabla ya mwenye ramani. Apewe siku za kuzunguka mlima na fimbo yake mvua zikiwa zinanyesha, vijana wa majembe wakimfuata na vigingi, na popote atakaposema njia isipite, isipite. Na alipwe malipo ya mhandisi, yote, kabla tiketi ya kwanza haijauzwa langoni.